Mikumi na Kilosa: Safari ya Mara Tatu kwa Juma

Ndugu msomaji, yamkini umewahi kupita Mikumi. Kama umewahi kupanda basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au Songea, basi umepita, hata kama ulikuwa umesinzia. Kinachomwamsha msafiri ni matuta ya barabarani, na baada ya matuta husikika sauti ya mtoto katika kiti cha nyuma akimwambia mama yake, "Twiga! Tazama, twiga!" Hapo abiria wote hugeukia dirishani, na hata yule mzee aliyekuwa akilalamika tangu Chalinze hunyamaza.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu iendayo Zambia huikata kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Kwa sababu hiyo Mikumi ni miongoni mwa hifadhi chache ambamo mfanyakazi wa kawaida huweza kuwaona tembo, nyati na pundamilia kwa nauli tu ya basi. Uwanda wa Mkata umetandaa kando ya njia, nyasi tupu mpaka macho yachoke, na kwa mbali huonekana milima ya Uluguru. Dereva hupunguza mwendo, maana mabango yaliyosimamishwa hapo humtajia faini atakayotozwa akimgonga mnyama, na faini ya twiga si ya mchezo.

Leo nataka nikupitishe njia hiyo hiyo, lakini si kwa ajili ya twiga. Nataka tupande basi pamoja na mtu mmoja anayepita hapo mara tatu kila juma, kwenda na kurudi, ambaye hageuki tena kutazama dirishani. Mtu huyo ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Figo zake zimeshindwa kazi, na anaishi kwa kusafishwa damu kwa mashine. Nimefuatana naye mara nyingi, na safari hizo zimenifundisha jambo ambalo nilikuwa silijui: kwa nini mgonjwa anayetaka sana kuishi hushindwa kufuata tiba inayomweka hai.

SAA KUMI ALFAJIRI

Mji wa Mikumi umekaa penye njia panda. Njia moja yaenda Iringa, nyingine Kidatu na Ifakara, nyingine yaelekea kaskazini kwenda Kilosa, makao makuu ya wilaya. Ni mji wa malori. Usiku kucha taa zake hazizimiki. Wako wauza chai, wachoma mahindi, mama lishe na mafundi wa pancha. Wenyeji wa huku ni Wavidunda na Wasagara, lakini ukisimama kando ya barabara kwa saa moja utasikia lafudhi za nchi nzima.

Mjomba ni mmoja wa mafundi hao wa pancha. Kwa miaka zaidi ya ishirini alifungua matairi ya malori kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na shinikizo la damu bila kujua, na alipokuwa na maumivu ya mgongo alinunua vidonge vya maumivu dukani na kuendelea na kazi. Miguu ilipoanza kuvimba alidhani ni kusimama sana. Alipopimwa, figo zilikuwa zimekwisha kufa sehemu kubwa.

Figo, ndugu msomaji, ni viungo viwili vyenye ukubwa wa ngumi ya mtu, vilivyo mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja yapata lita 180 za majimaji kutoka katika damu, kisha hurudisha mwilini karibu yote, na uchafu pamoja na maji ya ziada hutoka kama mkojo, lita moja au mbili. Kazi hiyo haina Jumapili. Figo zikifa, sumu hubaki katika damu, na maji hukaa miguuni, tumboni, na mwishowe katika mapafu.

Mashine hufanya sehemu ya kazi hiyo. Damu hutolewa kwa sindano, hupitishwa katika maelfu ya mirija myembamba sana inayozungukwa na maji maalumu, kisha hurudishwa kwa sindano ya pili. Kwa kawaida mgonjwa hulala hapo saa nne, mara tatu kwa juma. Hesabu: hizo ni saa 12 katika juma lenye saa 168. Figo nzima hufanya kazi saa zote 168. Kwa hiyo zile saa 156 zinazobaki, mgonjwa lazima aishi kwa masharti, na hapo ndipo penye taabu.

Siku za mjomba ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mashine iliyo karibu naye iko mjini Morogoro. Saa kumi alfajiri mkaza mjomba huwasha kibatari, kwa maana umeme hauaminiki saa hizo, na kumpashia maji ya kuoga. Saa kumi na moja tuko kando ya barabara tukisubiri basi dogo la kwanza. Tunaikata hifadhi gizani, kunapambazuka tukikaribia Doma, kisha Mzumbe, halafu Morogoro yenyewe chini ya milima yake. Ni yapata kilomita 120. Mjomba hupimwa uzito, huchomwa sindano mbili nene, hulala saa nne, huinuka akiwa dhaifu kama mtu aliyetoka kulima heka nzima, na tunarudi stendi kutafuta basi. Tunafika Mikumi jua likizama.

Siku moja nilifanya hesabu juu ya karatasi ya kufungia maandazi. Kilomita 240 kwenda na kurudi, mara tatu kwa juma, ni kilomita 720. Kwa majuma 52 ni kilomita 37,440. Mzingo wa dunia yetu ni kilomita 40,000 hivi. Mjomba wangu, ambaye hajapata kuvuka mpaka wa nchi, karibu anaizunguka dunia kila mwaka, akiwa amekaa katika kiti cha basi dogo na magoti yake yakigusa kiti cha mbele.

"MZEE, HUFUATI MASHARTI"

Asubuhi moja muuguzi alimpima uzito, akatazama daftari, akatikisa kichwa. Tangu Ijumaa hadi Jumatatu mjomba alikuwa ameongezeka kilo nne. Uzito huo haukuwa nyama, ulikuwa maji.

"Mzee, hufuati masharti," alisema muuguzi, bila ukali mwingi, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi asubuhi hiyo.

Mjomba hakujibu. Alipokuwa ndani ya basi tukirudi, tulipopita Sangasanga, alisema: "Mpwa wangu, yule binti ni mwema. Lakini masharti yale aliyeyaandika hajapanda basi la Mikumi."

Hebu tuyasome masharti hayo pamoja. Maji yasizidi nusu lita na kidogo kwa siku, yakiwemo ya chai, uji na mchuzi. Chumvi iwe kidogo mno. Apunguze ndizi, machungwa, maji ya dafu, maharage, nyanya, viazi na mchicha, kwa kuwa vyakula hivyo vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi katika damu moyo huweza kusimama ghafla. Ale nyama, samaki au mayai kwa kipimo, kwa sababu mashine nayo hupunguza nguvu ya mwili. Ameze vidonge vya kuzuia fosforasi pamoja na chakula, si kabla wala si baada. Ameze vya shinikizo la damu, lakini aulize vipi vya kuacha asubuhi ya mashine. Mkono wa kushoto, ambao daktari ameunganisha mishipa miwili ili sindano ipate njia, usibebe mzigo, usifungwe, usipimwe shinikizo.

Sasa yapeleke masharti hayo Mikumi. Kule bondeni jua la mwezi wa kumi na moja hukausha koo la mtu mwenye figo mbili nzima. Basi linasimama, vijana wanakimbilia madirishani na chupa za maji baridi zinazotoka jasho. Unafika nyumbani kwa watu, unakaribishwa maji ya kunywa. Ukiyakataa unaonekana una kinyongo. Unakwenda kazini, na kazi ya fundi wa pancha ni kuinua tairi la lori kwa mikono yote miwili. Mkono usiobeba mzigo ni mkono usioleta unga.

Kisha jikoni. Mboga ya rahisi kuliko zote ni mchicha. Kitoweo cha rahisi ni maharage, na kikikosekana hicho, dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Tunda lililo uani ni ndizi. Karatasi ile inakataza, karibu kwa jina, kila kitu ambacho mtu wa kipato kidogo hula, na inaruhusu vile ambavyo hununuliwa buchani. Mkaza mjomba aliisoma mara mbili, akauliza swali ambalo mpaka leo silisahau: "Basi na sisi wengine tule nini? Nipike vyungu viwili kwa kuni zipi?"

Kiu nayo, ndugu msomaji, si tamaa. Mtu wa namna hii akila chumvi, damu yenyewe hudai maji, na hakuna nia iliyo imara kiasi cha kuishinda siku nzima. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "punguza maji" bila kumwondolea chumvi mezani ni kama kumwambia mtu apige mbizi asilowe. Wala si yeye peke yake anayetia chumvi. Chungu ni cha nyumba nzima.

Liko na jambo la siri zaidi. Baada ya mashine mgonjwa huumwa na misuli, huchoka, pengine shinikizo hushuka na kichwa huzunguka. Lakini kesho yake hupata nafuu, hula, hucheka. Siku anayojisikia vizuri ndiyo siku ambayo akili humwambia: "Leo hata nisipokwenda, nini kitatokea?" Na akikosa mara moja asife, jirani humletea habari ya mganga wa mizizi ambaye "amewaponya wengi waliotupwa na hospitali". Mtu aliyechoka sindano 156 kwa mwaka, mara mbili kila moja, ana masikio mepesi kwa habari kama hiyo.

MSIBA WA KILOSA

Tugeuze njia sasa, tuelekee Kilosa, maana huko ndiko nilikokaribia kumzika mjomba.

Kutoka Mikumi njia hupita vijijini kuelekea kaskazini, na kimojawapo cha vijiji hivyo kinaitwa Ulaya. Mjomba hupenda kutania kwamba asimtishe mtu kwa habari za kutibiwa nje, kwani yeye amekwenda Ulaya tangu utotoni, tena kwa baiskeli. Mbele ya hapo unafika Kilosa, mji wa zamani chini ya vilima, kando ya Mto Mkondoa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoukuza mji huu. Mkonge wa Kimamba na Rudewa, pamba na mahindi ya bondeni, vyote vilipitia stesheni hiyo. Maduka ya kale yenye baraza pana yangali yanasimama, na maembe ya Kilosa hayana haja ya kusifiwa na mimi.

Mto huo huo unaolisha bonde ndio unaolitesa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, ukavunja kingo, ukaziacha familia nyingi bila makao, na kuikata reli baina ya Kilosa na Gulwe. Kila masika tangu hapo, mtu wa Kilosa hutazama kwanza mtoni kabla ya kutazama mawinguni.

Katika masika ya mwaka 2023 mama yangu mdogo alifariki huko, usiku wa kuamkia Jumapili. Mjomba ndiye kaka mkubwa. Kwa desturi zetu, dada hazikwi kaka hayupo, na kaka akiisha kufika haondoki udongo ukiwa mbichi. Tulizika Jumatatu. Hiyo ilikuwa siku ya mashine. Nilimnong'oneza asubuhi: "Mjomba, tuwahi Morogoro, turudi kesho." Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Niwaambie nini wakwe zake? Kwamba nimekwenda kulala kitandani?"

Wala hakuwa amewaambia wengi kwamba anaumwa. Waliokuja kutoka mbali walimwona mzee mwenye joho refu la mikono mirefu, na mikono ile ilificha mishipa iliyovimba. Kwa hiyo walimhudumia kama mfiwa anavyohudumiwa: chai, maji, wali na maharage, ndizi za kupika, na chai tena. Kila bakuli lililetwa kwa heshima. Hakuna aliyejua kwamba bakuli hizo zilikuwa zikimzamisha.

Jumanne watu wa mbali walianza kuondoka. Jumanne usiku ikanyesha. Jumatano, siku nyingine ya mashine, njia ya Mikumi ilikuwa tope jekundu, basi halikutokea, na treni ya zamani haikuwa na safari siku ile. Tulisema tutatoka kesho. Alhamisi kabla ya alfajiri aliniamsha. Alikuwa ameketi juu ya mkeka ameegemea ukuta, kwa sababu akilala pumzi inakatika. Uso ulikuwa umevimba. Nilimsikia kifuani akitoa sauti ya mtu anayepumua ndani ya maji, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa amekaa siku sita tangu mashine ya mwisho. Mwaka 2011 wachunguzi nchini Marekani walichapa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000, wakaonyesha kwamba vifo huongezeka baada ya lile pengo la kawaida la siku mbili za mwisho wa juma. Pengo la siku mbili! Mjomba alikuwa na sita.

Watu wa msibani walichanga fedha palepale, gari la kukodi likapatikana, tukazunguka kwa njia ya Rudewa na Dumila, yapata kilomita 130 hadi Morogoro. Mjomba alikaa mbele dirisha likiwa wazi, nami nyuma nikimshika mabega. Njiani hakuna aliyesema neno. Alipofikishwa, muuguzi yule yule alimpokea, na safari hii hakumwambia habari ya masharti. Alishika mkono wake akasema, "Pole na msiba, mzee." Saa nne baadaye mjomba alikuwa anapumua. Lakini mtu wa kitanda cha jirani, aliyetoka mbali kuliko sisi na kufika saa hiyo hiyo, hakuwahi.

KAMATI ISIYOKUTANA

Nilipokuwa nikimsubiri siku ile, nilikumbuka habari niliyopata kuisoma. Mashine ya kwanza ya namna hii iliyomfaa mwanadamu ilitengenezwa na Daktari Willem Kolff huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Alitumia utando wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Mwaka 1945 akapona mama mmoja wa miaka 67. Mwaka 1960 Daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alipata njia ya kumwunganisha mgonjwa na mashine mara kwa mara, na hapo ndipo tiba ya kudumu ilipowezekana. Lakini mashine zilikuwa chache. Basi mji huo ukaweka kamati ya raia wa kawaida, ambayo ilikaa na kuamua ni mgonjwa yupi apewe mashine na yupi aachwe. Jambo hilo liliwasumbua watu dhamiri, na mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria ya kulipia tiba hiyo kwa wagonjwa walio wengi.

Kwetu hakuna kamati kama ile. Hata hivyo uchaguzi unafanyika. Wanakamati wake ni umbali, nauli, mvua na aibu, na hawana haja ya kukutana.

Tazama gharama. Mjomba ana bahati: mwanawe ni mwalimu, na bima ya mwalimu humtambua baba. Asiye na bima hulipa mwenyewe. Tuseme kwa mfano kwamba kila safari ya mashine ni shilingi 150,000. Kwa juma ni 450,000, na kwa mwaka ni 23,400,000. Hakuna fundi wa pancha mwenye fedha hizo. Huyo huanza kwa mara tatu, akauza ng'ombe. Akashuka mara mbili, akauza shamba. Akashuka mara moja. Daftari la hospitali litaandika kwamba "hafuati tiba". Hata mwenye bima hulipa nauli yake na ya msindikizaji, na chakula cha njiani, na siku ya kazi iliyopotea. Bima ya mjomba haijapata kulipa tikiti hata moja ya basi la Mikumi.

Kusema haki, nchi haikukaa bure. Mwaka 2017 upandikizaji wa figo ulianza kufanyika Muhimbili, na mwaka 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilizinduliwa, nayo hupita Kilosa kwenye reli yake mpya na mahandaki yake. Lakini mashine ya damu hutaka umeme usiokatika, maji safi mno yapatayo lita 120 kwa mgonjwa mmoja kwa mara moja, na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Haifungwi popote kama pampu ya kisima. Hata huko Marekani, mlipaji akiwa serikali na barabara zikiwa za lami, wapo wagonjwa wanaokosa mashine kwa usafiri, kwa uchovu na kwa kukata tamaa. Basi tusidhani ni ujinga wa mtu wa Mikumi.

NYUMBA NZIMA IUGUE

Baada ya msiba ule tulikaa kikao cha ukoo, palepale Mikumi, chini ya mwembe wa mjomba. Kwanza alitakiwa aseme mwenyewe kwamba anaumwa. Ilimchukua muda mrefu, lakini alisema, na akakunja mkono wa joho akaonyesha mkono wake. Watoto wadogo waliruhusiwa kugusa na kusikia damu inavyotetemeka pale penye mshono. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu anayemtengea mjomba gilasi ya maji bila kumwuliza.

Mkaza mjomba hakupika vyungu viwili. Alipika kimoja, kisicho na chumvi, na kibakuli cha chumvi kikawekwa kando kwa anayetaka. Mboga na viazi hukatwa vidogo, hulowekwa, huchemshwa kwa maji mengi, na maji hayo humwagwa, kwa kuwa sehemu ya potasiamu huondoka nayo. Ndivyo mtaalamu wa lishe alivyotufundisha tulipokwenda kumwuliza naye akakubali kuzungumza na mpishi badala ya mgonjwa. Maji ya siku hupimwa asubuhi katika chupa moja. Kila kikombe cha chai kinapokunywewa, maji ya kiasi hicho humwagwa kutoka katika chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Mjomba hulamba kipande cha limau na kusukutua kinywa, na jioni hulalamika sana, lakini uzito haupandi kilo nne tena.

Kijana wa jirani alichukua kazi ya kuinua matairi, na mjomba akabaki kuwa mwenye jicho na ufundi, mapato wanagawana. Dereva na kondakta wa basi la alfajiri waliambiwa, na kiti kimoja huwekwa kwa ajili yake siku zile tatu. Kuhusu misiba, wazee waliamua kwamba kaka mgonjwa akiisha kutia udongo ametimiza. Akienda mashineni siku ya matanga, hakumkimbia marehemu.

Hayo yote hayakuhitaji sheria wala mfadhili. Lakini hayakumpata mjomba kwa kukaripiwa, wala hayakuandikwa katika ile karatasi ya masharti. Tangu hapo amekosa mashine mara mbili tu, mara moja kwa basi kuharibika katikati ya hifadhi, na mara moja kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "moyo ulikataa." Hatukumgombeza. Tulimkalia mpaka kesho yake, tukamsindikiza watatu.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa makundi kwa makundi kuizunguka redio, wakijifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Hakuna aliyeambiwa achimbe peke yake. Maradhi ya siku hizi, shinikizo la damu na kisukari, huja kimya kimya na kuua figo bila kubisha hodi. Nenda ukapimwe, wewe na mwenzi wako, na usiyafanye maduka ya dawa za maumivu kuwa ndiyo zahanati yako. Na kama nyumbani mwako yuko mgonjwa wa mashine, mwulize daktari wake chakula na kipimo cha maji kinachomfaa yeye, kisha mshike kipimo hicho pamoja.

Na siku utakapopita Mikumi kwa basi la alfajiri, ukamwona abiria mwenye bandeji mkononi, ameinamisha kichwa wakati wengine wote wanawashangaa twiga, mpishe akae panapopita upepo. Usimkanyage mkono wa kushoto kwa mzigo wako. Na kabla hujamnunulia maji kwa wema wako, mwulize kwanza kama leo amebakiwa na kiasi gani.